Msemaji Anamwambia Nini Mwenzake?

Karatasi ya kwanza Mwalimu aliipa sifuri, akaipigia mstari mwekundu mara mbili, kama vile yule mwanafunzi alikuwa amemtukania mzazi.

Ya pili sifuri. Ya tatu sifuri. Alipofika ya saba alivua miwani akaifuta na kona ya gauni, maana hata wale vichwa vya darasa, wale ambao karatasi zao huzisoma ameegemea kiti na chai mkononi, walikuwa wameandika upuuzi uleule, kila mmoja kwa maneno yake.

Na swali lenyewe lilikuwa la kuwasaidia. Mtihani wa majaribio, ushairi wa Kiingereza, swali la nne, sehemu ya shairi geni: mistari michache ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona popote. Soma, eleza sitiari zilizotumika, kisha useme msemaji anamwambia nini mwenzake. Mistari ilikuwa ya Kiingereza, ila tukiileta kwa Kiswahili chetu ilisema hivi:

*Wewe ni mnara wa taa, umesimama juu ya mwamba wako.*
*Mimi ni meli, na usiku wangu ni mrefu.*
*Usitikisike hapo ulipo;*
*nikikuona unawaka, najua pa kupita.*

Jibu lilikuwa moja tu. Msemaji anapenda. Anapenda mpaka amejiona mdogo, chombo kinachohangaika gizani, na mpenzi wake ndiye mwanga. Sasa huyu kijana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima alikuwa akisinzia kama analipwa kwa kazi hiyo, ameandika nini? "Msemaji anamwambia mwenzake akae palepale alipo aendelee kuwaka, yeye anapita."

Sifuri.

Mwalimu alikuwa na uhakika na jibu lake kwa sababu mistari ile haikutoka kwenye kitabu. Ilitoka kwenye simu yake.

Aliyemtumia alikuwa mkuu wa idara ya lugha, mwanamume ambaye wanafunzi walimwita Profesa. Uprofesa hakuwa nao, lakini hakuwahi kuwasahihisha. Yeye mwenyewe Mwalimu walimwita Madam Tashbihi, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuuliza kinafanana na nini. Kazi yao wote wawili ilikuwa ileile: kuwafundisha watoto kwamba mshairi wa Kiingereza akitaja ua hazungumzii bustani, na akitaja baridi usimletee sweta. Tashbihi inakwambia hiki ni kama kile. Sitiari haina subira ya "kama", inakwambia hiki ndicho kile, halafu inakuacha ujijue. Watu wawili wanaochambua tamathali mchana kutwa, wakipendana unategemea nini? Walipendana kwa tamathali.

Kwa Kiswahili, Profesa alimwomba chumvi. Kwa Kiingereza, alimpenda. Ukimuuliza jambo la wazi, tarehe ya harusi kwa mfano, anageuka upande wa Kiingereza na kukuletea mvua, daraja, msimu wa mavuno. Maneno matamu mno. Ukishamaliza kuyafurahia unagundua hujajibiwa, lakini kurudia swali unaona aibu, utaonekana huna utamaduni.

Na huku maisha yanakwenda. Mama yake Profesa alifanyiwa upasuaji wa nyonga, Mwalimu akaombwa akakae naye wiki mbili tu mpaka asimame vizuri. Huu ulikuwa mwaka wa tano wa wiki zile mbili. Profesa aliishi kwenye nyumba za walimu pale shuleni, eti apate utulivu wa kusoma. Jumapili alikuja, akala, akasifu mchuzi, akaaga. Mwalimu alibaki kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuunyooshea mkono ukaugusa. Maboksi yake ya vitabu yalikuwa chini ya kitanda, hayajafunguliwa, kwa sababu siku zote harusi ilikuwa karibu na haina maana kupanga vitu mara mbili. Rangi ya chumba haipendi, lakini unapakaje rangi chumba ambacho si chako? Kuhama hawezi, maana Mama anamwita mkwe. Kutulia hawezi, maana si mkwe wa mtu. Wageni wakija, Mama anamtambulisha kwa furaha, halafu wageni wanamwangalia kidole, halafu wanaangalia pembeni kwa adabu.

Ndipo ikaja ile kazi. Shule ya wasichana, mji mwingine kabisa, walitaka mwalimu mkuu msaidizi, na kazi inakuja na nyumba. Walimpa mpaka Ijumaa asubuhi awe amejibu. Safari hii Mwalimu alimwandikia Profesa kwa Kiswahili kavu:

"Nikubali ile kazi au niikatae? Na nikiikataa, unanioa lini?"

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. Mnara wa taa, mwamba, meli, na neno "mpenzi" katikati ya mstari wa tatu.

Alilia. Aliweka simu kifuani akalala nayo hapo. Usitikisike hapo ulipo! Mtu akikwambia hivyo unahitaji nini tena, muhuri? Kesho yake aliandika barua ya kuikataa kazi, akaihifadhi kwenye simu aitume Ijumaa, na kwa kuwa siku ileile iligundulika kwamba shairi geni la mtihani lilikuwa limeshatumika mwaka uliopita, na mashine ya kuchapia inasubiri, akachukua mistari yake, akaondoa neno "mpenzi" ili kuzima umbea, akaibandika pale. Alitaka Profesa aikute wakati wa kusahihisha ashtuke, ajue jinsi maneno yake yanavyotunzwa. Wengine huchora jina la mpenzi mkononi. Mwalimu wa ushairi humweka kwenye mtihani.

Dada yake mkubwa alipopiga simu, alikuwa wa kwanza kuonyesha kutoelewa.

"Kwa hiyo amesema anakuoa?"

"Amesema mimi ni mnara wa taa."

"Mnara wa nini?"

"Dada, hiyo ni sitiari."

"Mimi nimeuliza ndoa," dada alisema. "Nyumba ipo huko, mshahara upo huko. Huku una mnara. Sawa, mdogo wangu, nakaa kimya." Akakaa kimya kwa kuongea dakika nyingine kumi.

Sasa ilikuwa Alhamisi, mchana, chumba cha walimu kimefungwa madirisha kwa sababu ya vumbi la uwanjani, na feni imeamua kupumzika. Idara ile ilikuwa na utaratibu: karatasi chache za mwanzo zikishasomwa, wasahihishaji wote wanakaa mezani, wanakubaliana jibu la kila swali, ndipo wanaendelea. Walikuwa watatu. Mwalimu, Profesa, na mama mmoja wa makamo aliyefundisha sarufi tangu zamani na kubatizwa Bi Kamusi, mwanamke ambaye alimrekebisha hata mkaguzi.

Profesa alikuwa na njia yake ya kufundishia, na ilisifika mpaka shule za jirani. Aliiita kulivua shairi koti. Kila sitiari lazima uiseme kwanza kwa maneno ya dukani, maneno ambayo ungemwambia muuza sukari akakuelewa, ndipo upewe ruhusa ya kusema ni nzuri. Hakuna koti, hakuna uzuri, mpaka tujue ndani kuna nani.

Swali la kwanza mpaka la tatu yalipita bila ugomvi. Walipofika la nne, Mwalimu alimtazama Profesa usoni akingoja. Profesa aliisoma mistari yote minne kwa sauti, polepole, kwa ile sauti yake ya darasani. Hakushtuka. Hakutabasamu. Aligonga kalamu mezani akasema ni chaguo zuri, limebana.

Labda anajificha kwa sababu ya Bi Kamusi, Mwalimu alijiambia. Akatoa malalamiko yake: darasa zima limepotea, hakuna aliyeona kwamba msemaji anapenda, amewapa sifuri wote. Profesa alivuta karatasi tatu nne, akazipitia, na alipofika ile ya msinziaji wa nyuma akacheka kwa raha.

"Huyu umempa sifuri?"

"Hajaelewa kitu."

"Mwalimu, huyu ameelewa kuliko mimi nilivyotegemea." Profesa alisogeza kiti mbele. "Hebu tulivue koti. Mnara wa taa kazi yake nini?"

"Kuongoza meli."

"Kuiongoza iende wapi? Ije kwake?"

Mwalimu aliurudia mstari wa kwanza kwa kidole.

"Haiji kwake," Profesa aliendelea, na sasa alikuwa ameshapanda farasi wake, mikono inachora hewani. "Mnara umejengwa juu ya mwamba. Nahodha akiufikia mnara, hiyo ni ajali, watu wanaogelea. Unaangaliwa ili ukwepwe. Na huyu msemaji anajua, angalia mstari wa mwisho, hakusema najua pa kufika. Amesema pa kupita."

"Lakini anasema usiku wake ni mrefu. Anamhitaji."

"Anamhitaji sana. Nani amekataa? Anamhitaji asimame. Wewe unasoma unachotaka kukiona, Mwalimu, kosa ambalo tunawakataza watoto kila siku."

Bi Kamusi alikubali kwa kichwa, akaongeza kwamba kitenzi chenyewe ni cha kukataza, usitikisike, na mtu anayekuomba usitikisike mara nyingi ana mpango wa kutikisika yeye.

Mwalimu alihisi kile chumba kinasogea. Kuta nne, madirisha yaliyofungwa, harufu ya chaki na karatasi mpya. Aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia:

"Basi niambie kwa maneno ya dukani. Anamwambia nini?"

"Anamwambia, kaa hapohapo, unanifaa ukiwa hapo. Mimi nina safari zangu."

"Na kama huyo mwenzake alikuwa ameuliza kama ataolewa?"

"Hilo halimo kwenye mistari, hatuwezi kulipa alama." Profesa alifikiri kidogo, kwa haki, kama mtaalamu. "Ila kama ndilo swali aliloulizwa, basi amelijibu. Na amelijibu vizuri sana, bila kusema hapana. Huyu mshairi ni fundi. Ni nani?"

Mwalimu alifungua simu, akatafuta, akaisukuma mezani mpaka ikagota kwenye kiwiko cha Profesa.

Profesa alisoma. Akapandisha macho, akasoma tena juu kabisa, lile swali la Kiswahili kavu, kisha akashuka tena mpaka kwenye mnara wake mwenyewe, aliokwisha kuusahau. Masikio ndiyo yaliyoanza kubadilika rangi. Bi Kamusi, ambaye hakuwahi kuona maandishi akayaacha yapite, alinyoosha shingo na kuyasoma kwa pembeni.

"Hapa muktadha ni tofauti," Profesa alisema.

"Muktadha gani tena, mwanangu," Bi Kamusi alisema akisimama, "na mwongozo wa kusahihishia umeshatupatia mwenyewe." Akakusanya vikombe vyote, hata kimoja kilichokuwa bado na chai, akatoka na kuvuta mlango taratibu nyuma yake.

Walibaki wawili na rundo la karatasi. Profesa alianza kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya chini ya simu.

"Kwa Kiswahili," Mwalimu alisema. "Cha dukani."

"Sawa. Wewe kwangu ni…"

Mwalimu aliinua kiganja. "Usiniite kitu. Kila ukitaka kunikwepa unaniita kitu. Nimeshakuwa daraja, nimeshakuwa mvua, na nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi kama mtoto. Leo mimi ni mtu. Unanioa au hunioi?"

Profesa alitazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama zaidi ya vumbi kwenye kioo. Alisema mambo mengi wakati ule, na hayana haja ya kurudiwa yote: kwamba kazi ni nyingi, kwamba ndoa ni jambo la kupangwa, kwamba yeye hakuwahi kumtazama mwanamke mwingine, na hilo huenda lilikuwa kweli. Kwamba Mama anampenda mno.

"Sikukuuliza Mama."

"Lakini fikiria na hali yake. Ukiondoka wewe, nani ata…"

Profesa alikuwa amejisikia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakupata mfano wa kulifunika neno.

Mwalimu alisubiri kulia, akaona kilio hakiji. Kilichokuja ni aibu, aibu ya fundi aliyejengewa nyumba mbovu akaishi ndani yake miaka akisifia madirisha. Mshairi yeyote wa Kiingereza, awe amekufa zamani au yuko hai, angemletea mistari ile, Mwalimu angeivua koti kabla chai haijapoa. Hii ya kwake aliivaa.

"Sikukudanganya," Profesa alisema taratibu. "Hata siku moja."

"Najua. Ungenidanganya ningekushika. Uongo una pa kushikia." Alirudisha simu mkononi. "Nijibu tu, tumalize."

Feni ilizunguka nusu mzunguko ikaghairi.

"Sikuoi," Profesa alisema. "Niliogopa kukwambia, kwa sababu ungeondoka."

"Asante."

Na aliimaanisha asante ile, ndiyo maana ilimuuma Profesa kuliko tusi. Mwalimu alivuta rundo lake, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kukata zile sifuri moja baada ya nyingine, na yule msinziaji wa dawati la nyuma akampa alama zote. Kisha akatoka hadi kwenye ngazi za nje, akaifuta ile barua ya kukataa, akapiga simu kule shule ya wasichana. Mwanamke wa upande wa pili alimwambia walikuwa wameshaanza kukata tamaa, akamuuliza kama nyumba ya vyumba viwili itamtosha. Mwalimu alisema itamtosha. Ilibidi aseme mara mbili kwa sababu ya kwanza haikusikika.

Jambo gumu lilikuwa Mama.

Alimkuta sebuleni jioni ile amekaa na redio, akachuchumaa mbele yake kama alivyozoea, akamweleza yote. Hakumpamba wala kumpaka mtu matope. Alimwambia kwamba kesho anakwenda kwa dada yake, kisha muhula ukifungwa atahamia huko kwenye kazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba hakuoi. Mwaka wa pili nilijua. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua anavyokaa akiwa hataki kitu." Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kanga. "Nikanyamaza. Ulikuwa unanitunza vizuri, mwanangu. Nikasema, nikimwambia ataondoka."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa machozi ya Mama, kwa lawama, hata kwa laana. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Mtoto na mama yake, sababu moja, karibu maneno yaleyale. Tofauti ni kwamba Mama hakuhitaji kuulizwa mara tatu. Mwalimu alitaka kukasirika na akakasirika, akasimama, akaenda mpaka mlango wa jikoni na kurudi, na Mama akamwacha atembee.

"Nisamehe," Mama alisema.

"Nitakusamehe, Mama. Lakini si leo, na si humu ndani. Hapa pananibana."

"Utakuja kunisalimia?"

"Nitakuja kama mgeni. Utanifungulia mlango wa mbele, utanikaribisha kwenye kochi, utaniuliza nanywa nini."

Mama alicheka, machozi yakimshuka pembeni ya pua. "Na utajibu nini?"

"Nitasema nimeshashiba, halafu utanilazimisha."

Asubuhi, wakati anafunga begi la mwisho, simu ililia. Profesa. Mwalimu aliuona ujumbe ni mfupi, na ulikuwa kwa Kiswahili, hauna mvua wala daraja, hauna hata salamu:

"Nani atakaa na Mama wiki hii?"

Alisimama katikati ya chumba kilichokwisha kuwa cha mtu mwingine, akacheka peke yake mpaka akakaa kitandani. Miaka yote hiyo, kumbe mtu huyu anajua kuandika. Akamjibu kwa neno moja:

"Wewe."

Teksi ilikuwa inangoja nje, imejaa mpaka kiti cha nyuma, kwa hiyo alikaa mbele na begi mapajani. Mama alisimama mlangoni na fimbo yake akipunga mkono, na Mwalimu akapunga, na wote wawili wakaendelea kupunga muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa sababu dereva alikuwa bado anahangaika na mkanda.

"Unasafiri au unahama?" dereva aliuliza.

"Nahama," Mwalimu alisema, akabamiza mlango kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, na dereva akamtazama vibaya kabla ya kuwasha gari.